Ekzosi ya gari la kujiundia nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya yule anayeunda gari mwenyewe, iwe kwa seti ya vipande iliyokuja kwenye masanduku au kwa fremu aliyoichomelea na injini aliyoitoa kwenye gari lingine. Nimezingatia zaidi injini za petroli za silinda 4, kwa kuwa ndizo zinazotumika kwenye magari mengi ya aina hii.

Ekzosi niifunge lini?

Ipangie njia mapema, uichomelee baadaye. Wajenzi wengi huiacha iwe kazi ya mwisho. Wakishamaliza nyaya, bomba la petroli na mabomba ya breki, ndipo wanagundua kwamba nafasi pekee iliyobaki ni sentimita mbili kando ya bomba la petroli. Injini na giaboksi zikishakaa mahali pake pa kudumu, lala chini ya gari uangalie ekzosi itapita wapi, halafu vitu vingine vyote viipishe. Bomba la breki hukunjwa upya kwa dakika chache, lakini bomba la milimita 50 linataka kona pana na halina mahali pa kujipenyeza.

Kuchomelea kwa mwisho kusubiri mpaka injini ibebwe na raba zake yenyewe, siyo jeki au gogo, kwa sababu raba huzama kidogo zikipokea uzito. Usukani, saspensheni na bodi navyo viwe vimejaribiwa mahali pake.

Ilikaa vizuri kabisa gereji. Mbona inagonga nikiwa barabarani?

Kwa sababu gereji hakuna kitu kilichokuwa kinatembea. Hapa ndipo ekzosi nyingi za kujitengenezea zinaposhindwa, na ningependa usome jibu hili hata kama mengine utayaruka.

Kwanza, injini inacheza. Ukikanyaga mafuta, inajipinda kwenye raba zake upande mmoja, ukiachia, inarudi. Ikiwa imekaa kwa urefu wa gari, inalala kushoto na kulia. Ikiwa imekaa kwa upana, inaenda mbele na nyuma, na mwendo huo unasukuma na kuvuta bomba zima mpaka mkiani. Muombe mtu akae ndani akanyage mafuta kwa kushtukiza gari likiwa limesimama, wewe ukiwa pembeni na boneti iko wazi. Utaona mwenyewe manifoldi, yaani mabomba yanayopokea moshi kwenye kichwa cha injini, inavyoruka.

Pili, bomba linarefuka. Chuma kikipata joto hutanuka, na kwenye ekzosi si kidogo. Bomba la mita 2 likipanda joto kwa nyuzi 300 hurefuka karibu milimita 7 kama ni chuma cha kawaida, na karibu milimita 10 kama ni stenlesi ya aina ya 304. Ukiwa umelifunga kwa bolti kwenye fremu mbele na nyuma, hizo milimita 10 hazina pa kwenda. Zitapasua mshono, zitakata stadi (bolti isiyo na kichwa) ya manifoldi au zitapinda mabano.

Tatu, saspensheni inapanda na kushuka. Bomba linalopita juu ya difu (ekseli ya nyuma) linaweza kuwa na nafasi ya kutosha gari likiwa juu ya stendi, kisha likapigwa kwenye shimo la kwanza. Toa springi, inua difu kwa jeki mpaka mwisho wa safari yake, kisha ishushe mpaka mwisho, ukiangalia kila upande.

Kwa hiyo manifoldi ifungwe imara kwenye injini, na sehemu zote za nyuma zining'inie kwenye raba. Kati ya hizo mbili iwepo sehemu inayolegea: ama kipande cha bomba laini lililofumwa kwa waya wa stenlesi, ama kiungo cha mviringo kinachobanwa na bolti zenye springi. Bano la kwanza la ekzosi, lile la karibu na injini, litoke kwenye giaboksi ili liende pamoja na injini. Acha nafasi ya milimita 20 hadi 25 kuzunguka bomba popote linapopita karibu na fremu. Itaonekana kubwa kupita kiasi gari likiwa limesimama.

Nitumie ekzosi iliyokuja na seti, ya gari lililotoa injini, au nitengeneze yangu?

Ya seti, kama ipo na imetengenezwa kwa injini yako hasa, itakuokolea kazi nyingi. Manifoldi ya kiwandani iliyotoka na injini nayo usiidharau: chuma cha kusubu ni kizito lakini hakipasuki ovyo na hakipigi kelele. Tatizo lake ni umbo. Ilitengenezwa kwa boneti ya gari lingine, na mara nyingi mdomo wake unaangalia moja kwa moja mhimili wa usukani au bomba la fremu yako. Hapo ndipo unapolazimika kutengeneza.

Bomba liwe la ukubwa gani?

Kwa injini ya kawaida ya lita 1.6 hadi 2.0 isiyo na turbo, bomba kuu la milimita 50 kwa nje linatosha kwa gari la barabarani. Vishawishi vya kuweka la milimita 63 ni vingi kwa sababu linapendeza macho, lakini eneo la ndani linaongezeka kwa zaidi ya nusu, moshi unapungua kasi, gari linakuwa zito kuondoka, na kelele inaongezeka. Ukuta wa milimita 1.5 ni mzuri: mwembamba zaidi ya hapo ni mgumu kuchomelea bila kutoboa, mnene zaidi ni uzito wa bure.

Nasikia injini inahitaji moshi ubanwe kidogo ili iwe na nguvu. Ni kweli?

Hapana. Kubana moshi hakuiongezei injini nguvu hata siku moja. Kinachotakiwa ni kasi ya moshi, na mawimbi yake yafike kwa wakati. Valvu ya kutolea moshi ikifunguka, wimbi la mgandamizo husafiri ndani ya bomba kwa zaidi ya mita 500 kwa sekunde, kwa kuwa moshi ni wa moto sana. Likifika mahali bomba linapopanuka ghafla, hurudi likiwa wimbi la mvuto. Likirudi kwenye valvu kabla haijafunga, linafyonza masalia ya moshi na kuisaidia hewa mpya kuingia.

Imani hiyo ilitokana na watu waliofunga bomba kubwa, wakaona gari limelegea, wakadhani lilikosa kubanwa. Lilikosa kasi. Na kama ni injini ya kabureta, mara nyingi ilikuwa inapata hewa nyingi kuliko petroli kwa sababu hakuna aliyebadilisha jeti, kile kitundu kinachopima petroli. Ukibadilisha ekzosi, kabureta au kompyuta ya injini iangaliwe upya. Injini inayokosa petroli inachemka, na inaweza kutoboa pistoni.

Mabomba manne yaungane yote mahali pamoja, au mawili mawili kwanza?

Yakiungana yote manne mara moja, nguvu hupatikana zaidi kwenye mizunguko ya juu. Yakiungana mawili mawili kisha yakawa moja, unapata mvuto mzuri wa katikati, ule unaoutumia kila siku barabarani. Kwa gari la barabarani ningechagua huo wa pili. Ikiwa injini yako inawaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2, silinda ya 1 iungane na ya 4, na ya 2 na ya 3, ili zinazoungana ziwe zimeachana kwa mzunguko mzima. Jitahidi urefu wa mabomba ukaribiane, lakini usiharibu nafasi ya stata au ya kufungulia plagi kwa ajili ya milimita 20 za usawa. Utakuja kuifungua stata hiyo siku moja.

Chuma cha kawaida au stenlesi?

Chuma cha kawaida ni rahisi kuchomelea na kinasamehe makosa, ila kinaoza. Stenlesi ya 304 inadumu miaka mingi na inang'aa. Ya 409 hushika kutu ya juu juu inayochukiza macho, lakini inavumilia joto vizuri na haitanuki sana, ndiyo maana viwanda vya magari vinaipenda. Bomba la mabati usiliguse kabisa. Zinki yake ikichomelewa hutoa moshi unaoleta homa na kifua kubana.

Sina mashine ya kukunja bomba. Nifanyeje?

Nunua kona zilizokwisha kukunjwa, za nyuzi 45, 90 na 180, uzikate vipande unavyovitaka. Hivyo ndivyo karibu kila mtu anavyofanya. Chagua zilizokunjwa kwa mashine yenye kiini ndani, maana zile za kukandamizwa hubonyea kwenye kona na kupunguza njia.

Chora njia kwanza kwa waya mnene: ukunje waya ufuate pale katikati ya bomba itakapopita, kuanzia kwenye injini mpaka sailensa, kisha ulinganishe kona zako na waya huo juu ya meza. Kata kwa msumeno au kwa diski nyembamba ya grainda, na uhakikishe mdomo wa kipande umenyooka. Zungusha kipande polepole juu ya mstari ulioufunga kwa utepe kuzunguka bomba, ukikata kidogo kidogo, badala ya kuzamisha diski upande mmoja mpaka wa pili. Vipande viwili vikikutanishwa, mwanga usipite kati yao. Pengo la milimita 2 kwenye ukuta wa milimita 1.5 utalilipia ukiwa umeshika tochi ya kuchomelea.

Piga nukta tatu au nne tu kila kiungo bomba likiwa kwenye gari. Likishakaa sawa, litoe, ulimalize kuchomelea juu ya meza. Flenji ya manifoldi, yaani bamba lake la kufungia kwenye injini, ifungwe kwenye kichwa kibovu cha injini kama hiyo, au kwenye bamba nene la chuma, kabla ya kuchomelea. Isipofungwa, itapinda kama upinde na gasketi haitaziba kamwe. Ukimaliza, iangalie kwa rula ya chuma, na ikibidi isawazishwe kwa mashine.

Kuna tahadhari gani za kuchomelea?

Ukichomelea juu ya gari, ondoa waya hasi wa betri na chomoa kompyuta ya injini. Klempu ya athi iwe kwenye bomba lenyewe, karibu na mshono, ili umeme usitafute njia kupitia beringi za giaboksi. Petroli iwe mbali, na tangi liwe nje ya gari kama inawezekana.

Stenlesi ikichomelewa kwa argoni, ujaze argoni na ndani ya bomba pia. Usipofanya hivyo, upande wa ndani wa mshono unaungua na kutoa mabonge meusi yenye mashimo, na mshono huo ndio utakaopasuka.

Lingine ambalo wengi hawalijui: usisafishe bomba kwa dawa ya kusafishia breki yenye klorini kisha ukalichomelea. Mvuke wake ukikutana na joto na mwanga wa kuchomelea huweza kuzaa fosijeni, gesi inayoua. Tumia asetoni, uiache ikauke kabisa, na chupa iwe mbali.

Sensa ya oksijeni niichomelee wapi?

Mahali ambapo moshi wa silinda zote umeshaungana, karibu na injini kiasi cha kupata moto haraka. Nati yake huwa ya uzi wa M18 yenye hatua ya milimita 1.5. Ielekee juu, walau nyuzi 10 juu ya mlalo, ili maji yasitulie kwenye ncha yake na kuipasua. Ukichomelea nati hiyo, acha bolti ya zamani imefungwa ndani yake uzi usipinde. Kusiwe na uvujaji wowote kabla ya sensa: kati ya mapigo ya moshi bomba hufyonza hewa ya nje, sensa inadhani petroli imepungua, na kompyuta inaongeza bila sababu. Silikoni ya kuzibia nayo usiitumie kabla ya sensa, mvuke wake unaiharibu.

Masega (katalaiza, kifaa kinachopunguza sumu ya moshi) ni lazima?

Kama sheria za unakosajili gari zinayataka, ndiyo. Kama haziyataki, bado ningeyafunga kwenye injini yenye kompyuta. Yanapunguza gesi zenye sumu kwa kiasi kikubwa na yanasaidia hata kutuliza sauti. Huanza kufanya kazi yakifika takriban nyuzi 250 hadi 300, kwa hiyo yasiwe mbali sana na injini. Injini inayopiga misi hupeleka petroli mbichi kwenye masega, inaungulia humo humo na kuyayeyusha. Rekebisha misi kabla ya kuyafunga.

Sailensa gani inafaa?

Zipo za aina mbili kuu. Moja ina kuta na vyumba vinavyoupindisha moshi: ni kimya sana, lakini nzito. Nyingine ni bomba lenye matundu lililozungukwa na pamba ya glasi au ya basalti: ni nyepesi, moshi unapita moja kwa moja, na ndiyo inayotumika zaidi kwenye magari haya madogo. Pamba yake huungua na kupeperushwa taratibu, kelele ikiongezeka bila wewe kugundua. Chagua inayofunguliwa kwa ribiti au bolti ili uijaze upya.

Chukua sailensa kubwa kadiri nafasi inavyoruhusu. Ujazo ndio unaotuliza. Wanaounda magari mepesi ya wazi hufunga kisailensa kidogo pembeni kwa sababu ya sura, kisha wanashindwa ukaguzi wa kelele. Kipimo cha gari lililosimama, kwa utaratibu wa ISO 5130, huwekwa nusu mita kutoka mdomo wa ekzosi, kwa pembe ya nyuzi 45. Jipime mwenyewe kwa namna hiyo kabla ya siku ya ukaguzi, na uangalie kiwango cha nchi yako.

Inaunguruma vibaya kwenye mwendo mmoja tu. Kwa nini?

Bomba linaitikia mapigo ya injini. Silinda 4 kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika hutoa mapigo 100 kwa sekunde, na ikiwa urefu wa bomba au bodi unalingana na mtetemo huo, mlio unakuzwa. Anza na rahisi: angalia kama bomba linagusa fremu, kisha jaribu raba laini zaidi. Ikishindikana, sailensa ndogo ya pili mbele ya ile kubwa husaidia. Kuna pia tawi la bomba lililozibwa mwisho, lenye urefu wa robo ya wimbi, lakini kwa mapigo 100 linafika karibu mita 1.2, na kwenye gari dogo ni nadra kupata pa kuliweka.

Joto litaharibu nini?

Moshi unaotoka kwenye kichwa cha injini inayofanya kazi kwa nguvu hufika nyuzi 700 hadi 900. Fibaglasi inaanza kulegea chini sana ya hapo, rangi inavimba, nyaya zinayeyuka. Mafuta ya breki ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230, lakini yakishanyonya unyevu kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155, na mafuta yaliyochemka yanakuachia pedali isiyo na breki.

Ngao ya bamba jembamba la alumini, iliyoachwa na pengo la milimita 10 au zaidi pande zote mbili ili hewa ipite, inafanya kazi kubwa kuliko kitambaa kinene kilichobandikwa kwenye fibaglasi. Ekzosi ya pembeni lazima iwe na kinga pale mtu anaposhukia. Abiria wako hajui kuwa bomba lile ni la moto, na mguu wa mtoto uko kwenye kimo hicho hicho.

Kuhusu kuzungushia manifoldi kitambaa cha kuzuia joto: kinapunguza joto la chumba cha injini, hilo ni kweli. Ila kinashika maji, na chuma cha kawaida kilichofungwa ndani yake huoza bila kuonekana. Kikimwagikiwa oili kinaweza kushika moto. Kwangu ngao ni bora. Ukikitumia, vaa glavu, kwani nyuzi zake zinawasha ngozi vibaya, na utarajie moshi mara za kwanza kuwasha.

Mdomo wa ekzosi utokee wapi?

Nje ya bodi kabisa, nyuma ya mahali watu wanapokaa, na usiangalie mlango wala tundu lolote la hewa. Gari lililo wazi halikukingi. Nyuma yake hewa inakuwa na mvuto unaorudisha moshi mbele, moja kwa moja kwenye viti. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na hushikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ukisikia kichwa kizito baada ya kuendesha, acha kuliendesha mpaka upate chanzo. Ziba matundu yote ya sakafu na ya ukuta wa injini, hata yale madogo ya nyaya. Na usiwashe injini gereji milango ikiwa imefungwa, hata kwa dakika moja.

Nitajuaje kama inavuja?

Injini ikiwa baridi na imezimwa, puliza hewa kwenye mdomo wa nyuma kwa mashine ya kufyonzea vumbi iliyogeuzwa ipulize, kisha paka maji ya sabuni kwenye kila mshono na gasketi. Mapovu yatakuonyesha. Mlio wa tik-tik unaosikika asubuhi na kupotea injini ikipata moto ni gasketi ya manifoldi au ufa mdogo unaojiziba chuma kikitanuka. Milipuko ukiachia mafuta kwenye mteremko nayo mara nyingi ni hewa inayoingia karibu na manifoldi.

Maji yanadondoka kwenye bomba. Kichwa cha injini kimekufa?

Si lazima. Lita moja ya petroli ikiungua huzaa karibu lita moja ya maji, na bomba likiwa baridi hugeuka matone. Wasiwasi uje tu kama maji ya rejeta yanapungua au moshi mweupe hauishi injini ikiwa imeshapata moto. Safari fupi fupi ndizo zinazoozesha sailensa kutoka ndani, kwa hiyo toboa tundu la milimita 3 kwenye sehemu yake ya chini kabisa.

Baada ya safari ya kwanza nikague nini?

Acha ipoe mpaka uweze kuishika, kisha kaza upya nati za manifoldi kwa kipimo cha kitabu cha injini, kuanzia katikati kwenda pembeni. Gasketi mpya hubonyea kwa joto la kwanza na nati hubaki zimelegea. Tumia nati za kujifunga zilizopakwa shaba, na grisi ya kuzuia kushikana kwenye stadi. Pale bomba linapoingia ndani ya jingine, la upande wa injini liwe ndilo lililo ndani, na klempu isikazwe mpaka libonyee. Pita chini ukitafuta alama za kung'aa, mahali ambapo bomba limesugua fremu, na rangi iliyobadilika kwenye bodi au nyaya. Kagua tena baada ya wiki moja ya kuendesha, halafu kila unapobadilisha oili.